Mwaka Niliomsahihisha Papa Byamungu

Papa Byamungu alizikwa Fort Worth mwezi uliopita. Niliondoka Stafford, karibu na Houston, alfajiri, nikaendesha gari peke yangu, nikafika misa imeshaanza, nikakaa benchi la nyuma na watu waliochelewa kwa sababu za shifti. Kutoka makaburini tulirudi ukumbini tukala sombe, kisamvu cha Kikongo, na ndizi na kuku, na mama mmoja asiyenifahamu akaniuliza nilimjuaje marehemu. Nikamwambia, “Nilimharibia maandishi yake.” Akadhani ni utani, akaniongezea sombe. Nilikula yote. Sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye pale; wa rika letu wengi wamehama au wamelala, na watoto wao wakikusalimia wanasema “Shikamoo” halafu wanamalizia na Kiingereza, nawe unabaki na marahaba yako mdomoni. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nauwaza mwaka mmoja tu, mwaka nilioanza kazi hii ya kuandika na kuhariri, na nimeona niuandike kabla na mimi sijaandikiwa wasifu na mtu asiyejua pa kuweka nukta.

Wanaoniita mwandishi hupenda kuuliza nimesoma wapi. Nimesoma darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza nikiwa nachungulia dirishani. Habari za wazazi na kijiji sizisemi hapa. Hakuna asiye na wazazi. Kazi nilijifunzia kwenye kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam, nilikokuwa napanga kurasa kwa mkono, miaka tisa. Ukipanga kurasa unasoma hata usipotaka. Siku moja nilimwonyesha bosi kosa kwenye ukurasa wa tatu, akasema, “Wewe nani kakuambia usome?” Tangu siku hiyo nikasoma kila kitu kilichopita mikononi mwangu, kwa hasira. Nataka hilo lieleweke: sikuingia kwenye lugha kwa mapenzi. Niliingia kwa hasira ya mtu aliyeambiwa akae nje, na mtu wa namna hiyo akishapewa ufunguo anakuwa bawabu mkali kuliko mwenye nyumba.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka arobaini na moja, sina mume wala mtoto, napanga chumba Mesquite, kando ya Dallas, kwa mama mmoja wa Kimeksiko, mjane. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, na dirisha linalotazama ukuta wa karakana ya jirani. Jiko tulichangia. Mimi sikujua Kihispania, yeye hakujua Kiswahili, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kununulia vitu. Tulipishana mbele ya friji tukitabasamu. Nilimjua kwa sauti: jioni alikuwa akiongea kwa simu na dada yake, na mimi upande wa pili wa ukuta nilijifunza wapi atacheka, wapi atanyamaza, wapi atasema neno lile lile mara tatu. Kuna jumapili nilikaa kitandani na sahani yangu ya wali nikasikiliza mazungumzo nisiyoyaelewa mpaka yakaisha, na yalipoisha nilisikitika kama mgeni wangu ameondoka. Mchana nilikuwa ghalani, nakagua nguo ambazo wateja wamezirudisha. Kazi yangu ilikuwa kutafuta doa. Nguo mia kadhaa kwa siku, unaigeuza, unaitazama kwapa, kola, pindo, na ukishaona doa unaitupa kwenye pipa la kushoto. Nilikuwa hodari sana.

Watanzania wa Dallas walikuwa na jarida dogo walilotutumia kila mwezi kwa baruapepe. Nililichapa maktaba, nikalipitia kwa kalamu nyekundu, nikaliweka kwenye bahasha nikampelekea mwenyekiti kwa posta. Hakuniomba. Mwenyekiti alikuwa mhasibu, anakaa Cedar Hill, mtu wa suti hata jumamosi. Akanipigia simu.

“Dada Sikudhani, wewe ni mwalimu?”

“Hapana.”

“Umesomea fasihi?”

“Nimesoma jarida lako. Inatosha.”

Akacheka. “Haya, basi lihariri wewe, tuone.”

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza ya uhariri Marekani. Baada ya jarida zikafuata kadi za harusi, hotuba za shukrani, matangazo ya misiba, wasifu wa marehemu. Watu wenye shahada mbili mbili wakaanza kuniletea sentensi zao. Walikuwa wamesahau, au hawakuwahi kujua, kwamba *hapana* si *hakuna*. Niliwanyoosha bila huruma, na nikikata neno la daktari au mhandisi, kwa ukweli wa Mungu, nilisikia raha.

Jina langu likafika Fort Worth kwa Nyambura, Mkenya, katibu wa Wakatoliki waliokuwa wakisali kwa Kiswahili. Walitaka kutoa kijitabu cha ushuhuda, kila familia ieleze njia iliyowaleta, kisomwe siku ya sikukuu ya kanisa lao. “Siku, mimi Kiswahili changu ni cha kupatia makanga nauli, na hawa wa Congo wanaandika vile wanaongea,” akasema. “Wewe clean kila kitu, nita-print.” Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akasema, “Nukta ni ya dini gani?” Nikalipenda jibu hilo, nikaichukua kazi.

Wengi walituma kwa simu. Papa Byamungu alikuja mwenyewe, kutoka Fort Worth mpaka Mesquite, na daftari la shule alilolifunga kwenye mfuko wa plastiki. Mtu wa Bukavu, mrefu, mikono imekauka kwa sabuni. Alikuwa anafua mashuka ya hoteli karibu na uwanja wa ndege. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia akae mara ya pili.

“Mama Sikudhani, mi sikusomaka sana. Utaweza kutengeneza?”

“Nitakinyoosha.”

“Kinyoshe,” akasema, “lakini kisikatike.”

Alikuja jumapili nne. Tuliketi jikoni, daftari katikati, tukienda ukurasa kwa ukurasa. Mara ya pili nilimpikia wali na maharage ya nazi. Alikula kwa adabu, kisha akauliza chakula kitakuja saa ngapi. Jumapili iliyofuata alileta unga wake kwenye kopo, akasonga fufu mwenyewe kwenye jiko la yule mama wa Kimeksiko, aliyesimama akitazama mwiko kama anatazama mechi. “Ninyi Batanzania munakula kama ndege,” akaniambia. Nikamjibu, “Na ninyi Kiswahili chenu mlikiokota sokoni.” Akakubali kwa kichwa, bila kukasirika. “Ku soko njo kwenye batu bako.” Sokoni ndiko waliko watu, kweli; nilicheka hadi nikaweka kalamu chini. Katikati ya wiki akaanza kupiga simu, eti kuulizia daftari limefika wapi. Alijua limefika wapi. Na mimi nilijua kwamba anajua, na nilianza kubeba simu mfukoni hata ghalani, walikokuwa wamekataza.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema kwa miaka. Sikuwahi kumwuliza kama ana mke. Alitaja watoto: Esther, wa miaka kumi na sita, na kaka zake wawili. Mke hakumtaja. Nilifikiri labda wameachana, labda yuko Afrika anangoja makaratasi. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye chumba kimoja, akimwuliza mwanaume aliyekaa mezani kwake habari za mkewe, ataonekana anapima nafasi. Na kweli nilikuwa naipima. Kwa hiyo nikafunga mdomo, nikaita ukimya huo heshima.

Tulipofika ukurasa wa nne aliufungua, akaugeuzia upande wangu, akasema, “Ile usome pekee yako.” Akatoka nje kuangalia tairi la gari langu, ambalo halikuwa na tatizo. Niliusoma. Niko nao mpaka leo, nanukuu kama ulivyo: *Bibi yangu alibakiaka mu njia. Miguu ilivimba. Alisemaka: enda na batoto. Nikamufunika na kitenge yake, nikaenda.* Nilimwonea huruma, mwanaume mzima ameshindwa kusoma habari za bibi yake mbele ya mtu. Kwetu bibi ni mama yake mama, au mama yake baba. Nilimwona kabisa yule kikongwe: miguu imevimba kwa uzee, amekaa kando ya barabara, anawaruhusu vijana waende. Aliporudi ndani nilimwambia nimeelewa. Akasema, “Aksanti.” Akanywa chai yake akaenda.

Wiki ile nilifanya kazi nzuri, au nilijidhania. Zile *-aka* zake zote nilizikata kama mtu anayekata mikia ya mbuzi. *Mu njia* ikawa *njiani*, *batoto* wakawa *watoto*. Lakini sentensi nne kavu zilionekana kama mtu ametoka chumbani bila shati, na mimi nilitaka watu wa Fort Worth waone mkono wa mhariri. Nikaandika hivi: *Bibi yangu, mzaa mama, aliyekuwa amekula chumvi nyingi, alifia njiani. Miguu ilikuwa imemchoka, na dunia ilikuwa imemchosha. Alituruhusu twende, nasi tukamwacha apumzike.* Niliisoma kwa sauti chumbani, peke yangu, mara tatu. Nilijisikia mwandishi. Prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, nilimpelekea Nyambura, akauliza tu, “Si umesoma? Basi.” Papa Byamungu hakutaka kuiona. Alisema ataisikia siku yenyewe, pamoja na watoto.

Siku ya sikukuu ukumbi ulijaa. Nilipewa kiti cha mbele, mimi na kitambaa changu cha kichwa kati ya masista, na mwenyekiti wao akanitambulisha kama “mtaalamu wetu wa lugha kutoka Tanzania.” Walipiga makofi. Sijui kama nimewahi kupigiwa makofi kabla ya siku ile. Wakapanga vijana ndio wasome ushuhuda wa wazee wao, na zamu ya Papa Byamungu ilipofika akasimama Esther, na kijitabu, na viatu vyeupe. Kiswahili alikisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, neno moja, anapumzika, neno lingine. Alipofika pale pangu, “amekula chumvi nyingi”, wazee kadhaa walitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anavyotikisa akisikia kifo cha kikongwe, kifo cha haki. Nilikuwa nawatazama wao. Sikumtazama baba yake. Esther alipomaliza alirudi mezani kwao, na kwa sababu ukumbi ulikuwa kimya sote tulimsikia akimwuliza baba yake, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida tu, mbona hajawahi kuwaambia kwamba kule njiani walikuwa na bibi kizee. Papa Byamungu alikiweka kijiko chini. Alisimama, akakunja leso ya karatasi, akaiweka kando ya sahani, akatoka.

Mimi nilidhani ni majonzi. Nilikwenda jikoni kumchukulia maji, na wanawake wa Kikongo waliokuwa wakiosha masufuria hawakuniona.

“Bibi yake ule? Si mama ya Esther?”

“Mama ya Esther. Njo alikuwaka na mimba ya kubwa, miguu ikavimba.”

“Donc sasa banamuita koko, mwanamuke muzee. Eti alichoka na dunia.”

“Alikuwaka na miaka makumi mbili na tisa.”

Nyambura alikuwa nyuma yangu na sinia la vikombe. Alinitazama uso, akaelewa yote kwa mara moja. “Siku,” akasema polepole, “hata kwetu bibi ni mke. Ni nyinyi tu. Bibi kizee sisi tunamwita nyanya, kwenu nyanya ni ya kachumbari.” Hakuwa ananitania. Aliweka sinia chini, akashika kichwa.

Nilirudi Mesquite bila kuaga. Ninajua nilipaswa kumfuata kule alikotoka, kwenye maegesho, nimwombe radhi palepale. Sikuenda. Nilikaa kwenye meza yangu ya kukunja nikamlaumu yeye: kama angeandika *mke wangu*, kama angekaa ndani badala ya kuangalia tairi, kama wangejifunza lugha kabla ya kuiandika. Kisha nikafungua kamusi. Ilikuwa mezani siku zote. Nilikuwa nimeifungua kwa *tadubiri*, kwa *ghaidhi*, kwa maneno makubwa ya kuwatishia wahasibu, ila nani afungue kamusi kutafuta *bibi*? Ilikuwa imeandikwa pale pale, chini ya maana niliyoijua: *mke*. Sikulia. Niliifunga, nikaenda jikoni, nikamkuta mama wa Kimeksiko anakaanga pilipili. Aliniuliza kitu. Nikasema, “Yes.” Mpaka leo sijui nilikubali nini.

Simu haikulia wiki ile, wala iliyofuata. Ghalani niliirudisha simu kwenye kabati, kama sheria inavyosema. Miezi mitatu hivi nilikuwa mtu anayeongea na watu wanne kwa wiki, na watatu kati yao ni wasimamizi. Kazi za uhariri ziliendelea kuja, maana Watanzania hawakujua, na waliojua waliona ni jambo la kuchekesha la Wakongo. Lakini mkono wangu ulikuwa umeingia ganzi. Mtu akiniletea sentensi nilianza kumpigia: hili neno kwenu ni nini? Ulimaanisha nani? Yuko hai? Walikereka. Mwenyekiti wa Cedar Hill aliniuliza kama nimeanza kusahau Kiswahili. Hata leo ninahariri hivyo, nachelewesha kila kazi, na wateja wangu wamezoea au wamehama.

Ndipo mama mmoja wa Houston, aliyekuwa na jarida lake la Kiswahili, akanitafuta. Nilidhani anataka mhariri. “Wahariri ninao,” akasema. “Niandikie kitu chako, ambacho mtu mwingine hawezi kuandika.” Nilijaribu. Niliandika habari za ghala, nikajisifia. Niliandika habari za kiwanda cha Dar, nikajisifia zaidi. Akanirudishia zote mbili na neno moja, “Bado.” Ya tatu niliiandika kwa asubuhi moja, inahusu neno *bibi* na mwanamke mpumbavu aliyelisahihisha. Nilipoimaliza niliogopa, kwa sababu niliona ni nzuri. Ingenitoa ghalani, na kweli baadaye ndiyo iliyonipeleka Houston, na ndiyo iliyonipa kazi hii mpaka leo. Lakini ilikuwa na kifo cha mke wa mtu ndani yake, na safari hii singeweza kusema sikujua.

Nilikwenda Fort Worth jumamosi mchana na makala yangu na daftari lake. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili. Alifungua, akasogea pembeni nipite. Esther alikuwa kwenye kochi, na vitabu vya shule. Hapakuwa na chai.

“Papa Byamungu, nimekosa,” nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kuliko hayo.

“Ungeuliza.”

“Ndiyo.”

“Mi niliandikaka ile sababu mdomo yangu inakataa. Nilisema bataisikia siku moja, yote, mbele ya batu, nitakuwa nimemaliza.” Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa ameinua kichwa. “Bado hajui. Anajua mama alikufa. Anafikiri ni hospitali.”

Nikamnyooshea makala yangu, nikamwambia nimeliandikia jarida la Houston, na neno lake ndilo litakaloamua. Akikataa nitaichana hapohapo. Hakuipokea. Alichukua daftari, akalifungua ukurasa wa nne, akalirudisha mikononi mwangu.

“Soma yangu kwanza. Somea huyu. Usitengeneze kitu.”

Esther alisogeza vitabu nikakaa. Nilisoma. Niliposema *njiani* kwa mazoea, Papa Byamungu akasema, “Mu njia.” Nikarudia. Niliposema *nikamfunika* akasema, “Nikamufunika.” Nikarudia. Sentensi nne zilichukua muda mrefu kuliko kijitabu kizima. Nilipofika mwisho nikamwambia Esther, kwa Kiingereza changu cha dukani ili asikosee, bibi hapa ni mke. Ni mama yako. Alikaa ameangalia karatasi. Kisha akamwuliza baba yake jina la mama kule kwao, jina la nyumbani, si la ubatizo. Papa Byamungu akalitaja. Sauti yake haikutetemeka. Ilitoka tu ndogo, kama ya mtu anayeita kutoka chumba kingine.

Akanigeukia. “Hiyo ingine unaweza kupeleka Houston. Jina usiandike.”

Sijaliandika, hata humu.

Alikuwa ameshaacha kunitazama. Niliacha daftari juu ya kochi, baadaye alinitumia mwenyewe kwa posta, bila barua. Hakuja tena jumapili, wala hakupiga simu. Tulisalimiana kwenye misiba, kwa adabu, miaka yote iliyobaki. Lakini siku ile nilikuwa bado sijajua hayo. Nilichukua mkoba wangu, nikaenda mlangoni polepole, nikitumaini mtu ataniambia nikae. Nyuma yangu Esther alikuwa ameanza kuuliza, na aliuliza kwa Kiswahili, cha kuokoteza, Kiswahili chao.

“Na mimi, Papa? Nililiaka?”

Jibu lake sikulisikia. Nilikuwa nimeshavuta mlango.